Monologia na Uzungumzi Nafsi: Maana na Asili ya Istilahi Mbili

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anayesomea Kisangani, au mwalimu anayefundisha katika shule za sekondari za Yangambi na Isangi, hupokea istilahi zake kwa njia mbili. Vitabu vya uhakiki vilivyoandikwa Dar es Salaam na Nairobi humletea maneno "uzungumzi nafsi", "uzungumzi nafsia" na "monologia", ambayo wengine huiandika "monolojia". Masomo ya Kifaransa nayo humletea neno monologue. Mara nyingi maneno hayo yote huchukuliwa kuwa majina ya kitu kimoja, yaani maneno ya mtu anayesema peke yake.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba majina hayo yanahusu mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa: usemi wa mtu mmoja mbele ya wengine, na usemi wa mtu na nafsi yake. Tofauti hiyo ina uzito kwa msomaji. Mhusika anaposema mbele ya watu, msomaji hujiuliza anataka nini kwao. Anaposema na nafsi yake, msomaji hulegeza tahadhari na kuyapokea maneno kama siri ya moyo. Kwa hiyo anayekosea jina la usemi huweza kukosea pia kiasi cha kuuamini. Kosa hilo likifanywa katika mtihani, hupunguza alama. Likifanywa katika kusoma maandishi ya historia ya nchi, madhara yake ni makubwa zaidi.

2. Asili ya neno "monologia"

Neno hili limetoka katika Kigiriki kupitia lugha za Ulaya. Monos maana yake ni "-moja" au "peke yake", na logos ni "neno" au "usemi". Kifaransa kiliunda monologue kwa kufuata mfano wa neno dialogue, na hapo ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Kwa kuwa mono- ni moja, wengi hudhani kwamba dia- ni mbili, na kwamba dialogue ni lazima iwe usemi wa watu wawili. Katika Kigiriki kiambishi cha "mbili" ni di-, ilhali dia maana yake ni "kupitia" au "baina ya". Neno hilo basi lataja usemi unaopita baina ya wasemaji, wawe wawili au kumi.

Jambo hili dogo la etimolojia husaidia kuisahihisha fasili. Kinachokosekana katika monologia ni kupokezana. Mmoja ameshika zamu ya kusema, akaishika kwa muda mrefu, na wengine, kama wapo, hawaipati. Neno lenyewe halisemi kama wasikilizaji wapo au hawapo. Hotuba ya kiongozi uwanjani, mawaidha ya mzee kwa wajukuu, ushahidi unaotolewa mbele ya baraza, vyote vyaweza kuwa monologia.

Kifaransa cha shule kimezidisha utata kwa kulitumia neno hilohilo hata pale ambapo mhusika hana mtu wa kumsikia. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Figaro katika tamthilia ya Beaumarchais, Le Mariage de Figaro, iliyochezwa hadharani mwaka 1784. Katika tendo la tano Figaro yuko peke yake gizani, anayapitia maisha yake yote na kulalamikia bahati yake. Kifaransa kinao msamiati wa soliloque kwa hali kama hiyo, lakini mazoea ya shule yameshikilia monologue. Mwanafunzi wa Tshopo aliyelelewa katika mazoea hayo huona ni jambo la kawaida kulihamishia neno moja katika Kiswahili na kulitumia kila mahali.

3. Asili ya soliloquium: neno la Mwafrika

Neno la pili lina historia iliyo wazi zaidi, kwa sababu mtungaji wake anajulikana. Aurelius Augustinus alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, na baadaye alikuwa askofu wa Hippo katika nchi hiyohiyo. Katika majira ya baridi ya miaka 386 na 387, akiwa Italia karibu na Milano na akijiandaa kubatizwa, aliandika kitabu kiitwacho Soliloquia. Jina hilo aliliunda kwa maneno mawili ya Kilatini: solus, "peke yake", na loqui, "kusema". Ndani ya kitabu anakiri kwamba neno hilo ni jipya, na kwamba huenda likasikika gumu masikioni, lakini anaona linafaa kwa kazi aliyoikusudia.

Jambo la kustaajabisha ni umbo la kitabu hicho. Kimeandikwa kwa mfumo wa kupokezana. Upande mmoja yupo Augustinus, na upande wa pili ipo Akili, inayomwuliza maswali, inamkosoa na kumlazimisha ajibu. Tangu mwanzo mwandishi anaeleza kwamba hajui kama sauti inayomhoji ni yake mwenyewe au ya mwingine, kama imo ndani yake au iko nje. Kwa hiyo usemi wa peke yake, katika kitabu kilichouzaa msamiati huu, ulikuwa mazungumzo ya pande mbili ndani ya mtu mmoja.

Wazo hilo halikufa. Mwaka 1970 mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste, akiichambua nadharia ya usemaji, alieleza kwamba monologia ni dayalojia iliyoingizwa ndani, baina ya "mimi" anayesema na "mimi" anayesikiliza. Kabla yake, mwaka 1934, Lev Vygotsky wa Urusi alikuwa amejadili usemi wa mtoto mdogo anayecheza huku akijieleza kwa sauti kile anachokifanya. Jean Piaget alikuwa ameuona usemi huo, mwaka 1923, kuwa dalili ya mtoto ambaye bado hajajua kumzingatia mwenzake. Vygotsky alishikilia kwamba asili yake ni mazungumzo na watu, na kwamba mtoto anapokua huuingiza ndani ukawa fikra zisizosikika. Kwa maoni hayo, mtu hujifunza kwanza kusema na wenzake, ndipo akaweza kusema na nafsi yake.

4. "Nafsi" na kiambishi -ji- katika Kiswahili

Istilahi "uzungumzi nafsi" imekubaliana na historia hiyo kuliko inavyodhaniwa. Kitenzi "kuzungumza" hudai mwenzi. Mtu aweza kusema, kutamka au kupiga kelele peke yake, wala lugha haitamuuliza alikuwa na nani. Lakini akizungumza, atakuwa amezungumza na fulani. Kwa kulichagua shina hilo, waliounda istilahi waliuweka upande wa pili ndani ya neno, na upande huo ndio nafsi.

Neno "nafsi" lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako nafs ni roho au dhati ya mtu. Katika Kiswahili limepata kazi ya ziada: wanasarufi wamelifanya kuwa jina la nafasi za washiriki wa usemi, yaani nafsi ya kwanza anayesema, nafsi ya pili anayeambiwa, na nafsi ya tatu anayesemwa. Matumizi hayo mawili, la kiroho na la kisarufi, hukutana katika istilahi hii. Anayezungumza na nafsi yake huweza kujiita "mimi", na mara nyingine hujigeukia akajiita "wewe", kana kwamba anamwonya mtu mwingine. Nafsi ya kwanza na ya pili ni mtu yuleyule.

Hata hivyo lugha ya kila siku haikungoja wanataaluma. Ina maneno yake, na kila moja lina mpaka wake. "Kujisemea" kumejengwa kwa kiambishi rejeshi -ji- na kauli ya kutendea, na maana yake ya msingi ni kusema kwa ajili ya nafsi. Lakini "anajisemea tu" hutumika pia kwa mtu anayeropoka mbele ya watu bila kujali. "Kujizungumzia" kuna utata zaidi, kwani kauli ya kutendea ya kitenzi hicho huleta maana ya "kuhusu": anayejizungumzia aweza kuwa anaongea habari zake mbele ya umati mzima. "Kujigamba" kuna -ji- ileile, lakini majigambo hayana maana bila hadhira. Shujaa hajigambi chumbani. Mifano hii yatosha kuonyesha kwamba -ji- peke yake haimwondoi msikilizaji. Humrejesha msemaji kwenye tendo, ama kama mlengwa wa maneno, ama kama mada ya maneno.

Usemi wa ndani kabisa, usiotoka kinywani, umepewa makao yake na wasimulizi tangu zamani. Katika ngano mhusika husema "moyoni mwake", na hadhira huambiwa alichosema ingawa wahusika wenzake hawakukisikia. Methali hueleza kwa nini njia hiyo inahitajika: moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Msimulizi pekee ndiye mwenye ruhusa ya kuingia msituni humo na taa.

5. Mfano kutoka jukwaani

Tofauti iliyoelezwa huonekana vizuri katika tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wameimiliki kwa muda mrefu. Julius K. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akaitoa tena baada ya kuisahihisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ndani yake wahusika wawili husema kwa namna zote mbili, na katika jambo lilelile.

Brutus huonekana usiku katika bustani yake akizungumza na nafsi yake kuhusu kumwua Caesar. Hapo anakiri kwamba hana ugomvi naye, na kwamba hajapata kumwona akitawaliwa na tamaa kuliko akili. Sababu anayoitafuta ni hofu ya mambo ambayo huenda Caesar akayatenda akivikwa taji, na kwa kuwa hali ya sasa haimpi hoja, anaamua kuiunda hoja kwa kutazama mbele. Baada ya mauaji Brutus huyohuyo anapanda mbele ya wananchi wa Roma, na sasa tamaa ya Caesar ya ukuu anaitaja kama jambo lililothibitika. Kile alichokikisia bustanini kimekuwa ukweli uwanjani. Msomaji aliyeziita hotuba hizo mbili kwa jina moja hana chombo cha kuliona geuko hilo.

Antony naye husema kwanza akiwa amebaki na maiti ya Caesar, akiiomba radhi kwa upole aliowaonyesha wauaji na kutabiri vita. Dakika chache baadaye, mbele ya umati, anawaita wauaji haohao watu waheshimiwa. Usemi wa kwanza humpa msomaji ufunguo wa kuuelewa wa pili.

Ipo pia mifano iliyokaa mpakani. Katika Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, mke wa Makbeth hutembea usingizini huku akisema maneno yanayofichua damu iliyomwagwa, nao daktari na mtumishi wa kike wanamsikiliza. Wasikilizaji wapo, lakini mwenyewe hana habari nao. Hapa kuwapo kwa masikio hakutoshi kuufanya usemi kuwa hotuba, maana hakuna aliyelengwa. Kipimo kinachofaa basi ni maswali mawili yanayoulizwa kwa utaratibu: maneno yamelengwa kwa nani, na je, msemaji anajua kuwa anasikiwa?

6. Ngoma ya Walokele

Kipimo hicho kinaweza kujaribiwa karibu zaidi na nyumbani. Katika vijiji vya kando ya mto Kongo, kuanzia Kisangani kuteremka hadi Yangambi na Isangi, Walokele na majirani zao walijulikana kwa ngoma zinazosema. John F. Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, aliieleza kazi ya ngoma hizo katika kitabu chake Talking Drums of Africa cha mwaka 1949. Ngoma ya gogo lililochongwa uwazi hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini, nazo hufuata toni za maneno ya lugha. Kwa kuwa maneno mengi yana mfuatano uleule wa toni, mpigaji hatumii neno fupi likiwa peke yake. Hulipanua likawa kirai kirefu kilichozoeleka, ili toni zake zisichanganywe na za neno jingine.

Mpigaji huyo yuko peke yake mbele ya chombo chake, na wasikilizaji hawaoni. Mgeni angeweza kusema kwamba anajisemea. Lakini muundo wa ujumbe wake unakanusha hilo, kwa sababu humtaja anayeitwa kwa jina lake la ngoma, na urefu wote wa virai umewekwa kwa faida ya sikio lililo mbali. Asingekuwa na msikilizaji, asingekuwa na haja ya kurefusha. Kwa hiyo ngoma ni usemi wa mmoja kwa wengi, usemi unaoweza kujibiwa kwa ngoma nyingine. Upweke wa msemaji machoni si ushahidi kwamba anazungumza na nafsi yake. Ushahidi hutafutwa katika maneno yenyewe na jinsi yalivyopangwa.

7. "Kwa maneno yake mwenyewe"

Mfano wa mwisho unahusu kitabu ambacho msomaji yeyote wa Kisangani ana sababu ya kukisoma kwa makini. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar, aliteuliwa mwaka 1887 kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani, kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili. Baadaye, akiwa amerudi Zanzibar, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, naye Brode akazichapisha Berlin katika miaka 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki mwaka 1905. W. H. Whiteley aliyatoa maandishi hayo tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika miaka 1958 na 1959, na François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa mwaka 1974. Jina lake la Kiswahili huishia kwa maneno "kwa maneno yake mwenyewe".

Maneno hayo ya jalada huwavuta wasomaji kukichukua kitabu kama ungamo, kana kwamba mzee ameketi barazani akizungumza na nafsi yake. Kipimo cha ulengwa hutoa jibu jingine. Kitabu kiliombwa na mtu, kikaandikwa kwa ajili ya kusomwa, na mwandishi wake alijua hivyo tangu mstari wa kwanza. Ni monologia kwa maana kamili: zamu imeshikwa na mmoja. Watu wa mtoni na msituni waliovamiwa au kutekwa hawapati zamu yao. Wanapotajwa, wanatajwa kwa kinywa chake. Ndani ya simulizi hiyo yenyewe msimulizi anaeleza jinsi alivyojitambulisha kwa mtawala wa Utetera, Kasongo Rushie, kuwa mjukuu wa ndugu yake wa kike aliyetekwa zamani, na jinsi alivyokabidhiwa utawala kwa ajili hiyo. Mtu anayejua hivyo nguvu ya usemi mbele ya wasikilizaji hastahili kusomwa kama mtu asiye na msikilizaji.

Hoja hii haikipunguzii kitabu thamani. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya mtu kujisimulia maisha yake kwa nathari ya Kiswahili, na lugha yake ni hazina. Kinachodaiwa ni kwamba kisomwe kama hotuba ya Antony inavyosomwa, kwa masikio yanayouliza: maneno haya yanataka nini kwangu, na ni nani hakupewa nafasi ya kujibu?

8. Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, matumizi yafuatayo yanapendekezwa kwa walimu na wanafunzi. Istilahi "monologia" ibaki kwa usemi mrefu wa mtu mmoja unaowalenga wengine, hata kama hawaonekani. "Uzungumzi nafsi" utumike pale tu ambapo msemaji hajamlenga mtu mwingine ila nafsi yake, hata kama kuna anayemsikia kwa siri. Usemi usiotoka kinywani, ambao msimulizi ndiye anayeufichua, uitwe "usemi wa moyoni", kwa kuwa ngano zimekwisha kuuandalia jina. Maneno kama "kujisemea" na "kujizungumzia" yaachwe katika lugha ya kila siku, ambako utata wake hauna madhara.

Mwalimu wa Yangambi anayesahihisha insha haitaji kuwadai wanafunzi wake wakariri Kigiriki wala Kilatini. Awaulize maswali mawili tu kila wanapokutana na mtu anayesema peke yake kitabuni: anamwambia nani, na anajua kwamba anasikiwa? Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo vizuri ataweza kulichagua jina kwa usahihi, na atakuwa amepata jambo lililo kubwa kuliko jina, yaani kujua ni maneno yapi ayapokee kama siri na ni yapi ayapime kwanza.